Baba Yangu Anakataa Mbele ya Kamera

Kitabu chenyewe nilikisoma siku tatu kabla ya kazi ya filamu yake kuanza, na nilikisoma kwa hasira. Mwandishi wake ni Mwaustralia ambaye, nasikia, alikaa Levuka, mji wetu huu wa Fiji, wiki mbili, akala samaki wetu, akapiga picha milima yetu, kisha akarudi kwao kutuandikia mauaji. Hadithi ni ya mwaka 1924. Karani mmoja wa duka la nazi kavu, Mfiji aliyesoma, anakutwa ufukweni amepasuliwa kichwa. Aliyemuua ni baharia kijana wa hapa hapa. Wazee wa baharia wanachukua jino la nyangumi, wanakwenda kwa baba wa marehemu, wanakaa chini, wanaomba msamaha. Baba analikataa. Analisukuma kwa mkono, anainuka, anatoka. Basi hakuna tena wa kumtetea kijana, na mwisho wa kitabu ananyongwa.

Mji mzima ulipofika ukurasa ule ulisema neno moja tu: uongo. Kwetu jino likishaletwa na mtu aliyekaa chini mbele yako, akalishika kwa mikono miwili, akasema maneno yake, unapokea. Utalia, utasaga meno, lakini utapokea.

"Hakuna mzee wa kisiwa hiki anayeweza kufanya hivi," alisema Bi Kalesi, mwalimu mstaafu waliyemwajiri watu wa filamu awasahihishie lugha na desturi. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akavua miwani na kuanza kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Maana mzee wa namna hiyo yupo mmoja, na ni baba yangu.

Mimi ni Vaciseva, mshonaji. Duka langu liko barabara ya ufukweni, mlango wa tatu kutoka kwa mwoka mikate. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja nilitoroka na Maciu, fundi wa mashua mwenye mikono mikubwa na sauti inayotikisa madirisha ya kanisa. Kutoroka kwetu si habari. Nusu ya ndoa za mji huu zilianzia dirishani. Utaratibu unajulikana. Watu wa mume wanakuja na jino upesi iwezekanavyo, wanaomba radhi, wazazi wananuna kidogo kwa ajili ya heshima, wanapokea, watu wanakula. Watu wa Maciu wako kisiwa kingine. Walikuja siku ya sita kwa sababu mashua yao iliharibika injini, na baba akasema siku sita ni dharau.

Waliketi barazani kwake tangu asubuhi mpaka saa tisa, Maciu na marehemu baba yake na wajomba wawili, jino mapajani. Baba alikuwa jikoni. Alimtuma mama awaambie ameenda kuvua. Mama masikini hakuwa na kipaji cha uongo. Aliwaambia mzee ameenda kuvua huku mzee akikohoa nyuma ya ukuta wa mabati. Mwishowe wakainuka, wakaondoka na jino lao.

Hiyo ni miaka ishirini na miwili. Mji mdogo, kanisa moja, barabara moja, na baba yangu akiniona anaangalia bahari. Mama alikuwa akija dukani kwa kisingizio cha vifungo. Alinunua vifungo vingi kuliko nguo alizokuwa nazo, na alipozikwa nilikaa nyuma kabisa, pamoja na wanawake wasiohusika. Binti yetu Unaisi ana miaka ishirini na hajawahi kukanyaga uwanja wa babu yake, maana mtoto hupelekwa rasmi kwa watu wa mama yake, na nani angempeleka wakati mama mwenyewe hajasamehewa? Nyumba ile iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Nimezihesabu.

Sikutaka mengi. Nilitaka baba yangu aniite jina langu kabla hajafa.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Mwongozaji wao, Tamsin, alikuwa mwanamke mrefu asiyevaa kofia, na pua yake ilibambuka ngozi kuanzia siku ya pili. Alikuwa na adabu na alikuwa na haraka, vitu viwili ambavyo hapa kwetu havikai nyumba moja. Alinipa kazi ya mavazi: kushona nguo mpya za mwaka 1924, kisha kuzichakaza. Nilichemsha chai nzito, nikaloweka mashati, nikayasugua kwa jivu na kipande cha jiwe, nikamkabidhi kitu kilichoonekana kimevaliwa na wanaume watatu waliofuatana. Hapo aliniheshimu.

Kutafuta waigizaji alikufanya kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alimwona baba nje ya duka la mikate, mkate kwapani, akitazama mbele kwa lile jicho lake la kutotaka salamu. Tamsin alisimama katikati ya barabara. "Uso ule!" akasema. Na baba, ambaye hajawahi kumkubalia mtu jambo lolote kwa mara ya kwanza, akakubali. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia uso wake ni mzuri tangu mama aondoke.

Jumapili iliyofuata Tamsin akaenda kanisani kutafuta mtu wa kusema maneno ya kutoa jino, mtu mwenye sauti. Maciu akaimba. Mambo yakaishia hapo, kazi ikawa yake.

Hakuna aliyemwambia. Mji mzima ulijua kwamba mama wa watu amemweka mkwe aliyekataliwa ampelekee jino mkwewe aliyemkataa, mbele ya kamera, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Nusu yao kwa adabu. Nusu nyingine walitaka kuona. Na mimi je? Nilinyamaza kama wao, na sikuwa na adabu wala udadisi, nilikuwa na tamaa.

Kila asubuhi saa moja baba aliingia chumba cha mavazi, akasimama mbele ya kioo, akainua mikono. Mashati ya enzi zile yana kola inayofungwa kwa kifungo cha nyuma. Mtu hawezi kujivalisha peke yake, na mvalishaji ni mimi. Miaka ishirini na miwili sikuwa nimemgusa baba yangu. Siku ya kwanza vidole vilikataa, kifungo kikaniponyoka mara nne. Shingo yake ilikuwa nyembamba. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, nami sikujua, kwa sababu kwa mbali huoni bega la mtu. Alinukia sabuni ile ile ya mama, ya kipande cha kijani. Nilijifanya natafuta uzi chini ya meza mpaka nikaweza kusimama tena.

Hakunisemesha. Alisema na kioo.

"Fundi aambiwe kola inabana," alikiambia kioo.

"Kioo kimwambie mzee amenenepa," nikajibu.

"Fundi asiwe na mdomo mrefu."

"Fundi aliurithi."

Pua yake ilitikisika. Hucheka hivyo, kwa pua, kisha anajikohoza kufuta ushahidi. Usiku ule nililifumua koti lake, nikaongeza kitambaa begani upande wa kushoto ili lile bega lililoshuka lisionekane. Sikumwambia mtu. Asubuhi yake alijitazama kiooni muda mrefu, akaligusa bega, akatoka bila neno.

Jino la kuigizia lilitoka Sydney, limefungwa kwenye sanduku lenye vipande vya povu kama yai la dhahabu. Maciu alilinyanyua kwa mikono miwili, na mikono ikapaa, maana alikuwa amejiandaa kwa uzito.

"Plastiki," akasema.

"Linafanana kabisa," Tamsin akasema.

"Mama, mimi siwezi kusema maneno yale juu ya chupa ya maji. Ulimi hautakubali. Nyumbani ninalo la kweli, la marehemu baba."

Tamsin akafurahi, eti la kweli litapendeza zaidi kwenye mwanga. Bi Kalesi alikuwa pale, amelipwa kwa kazi hiyo hasa, kumwambia mgeni kitu gani si cha kuchezea. Alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kufuta miwani.

Jioni nilimsubiri mume wangu mlangoni.

"Maciu, unajua unachokifanya?"

"Naigiza, mama Unaisi."

"Usinifanye mtalii. Ukitoa jino la kweli, kwa maneno ya kweli, mbele ya watu, akakataa, amekataa. Hakuna kurudi tena. Mtu haendi mara ya tatu."

"Ni filamu."

"Basi tumia plastiki!"

Akakaa kwenye ngazi, akaanza kuvua viatu, kiatu kimoja kikamchukua muda wa viatu kumi.

"Kitabu kinasema anakataa," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa tena ya ugomvi. "Kazi aliyopewa ni kukataa. Wewe unakwenda kumpelekea ukweli mahali ambapo ameajiriwa kuukataa. Ukinipotezea hiki kidogo nilicho nacho, hiki cha kumvalisha kola, sijui nitafanya nini."

"Vaci, sikiliza. Siku ile barazani sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Nilikaa saa sita na hotuba kichwani, nikarudi nayo nyumbani, na bado ninayo. Sasa nimetandikiwa mkeka. Kuna mashahidi arobaini. Na mzee hawezi kwenda jikoni, maana mama wa kizungu amempigia alama ya chaki chini, amemwambia usiondoke hapa."

Nilicheka, nikalia, nikamwambia ni mwendawazimu. Nilimwomba asilichukue. Asubuhi niliona kabati liko wazi na jino halipo.

Sehemu ile waliipigia picha kwenye chumba kikubwa cha nyumba ya zamani juu ya ngazi za kanisa, saa nne asubuhi, madirisha wazi, harufu ya kiwanda cha samaki ikipanda kutoka bandarini. Watu arobaini wa mji walikaa mikekani, nimewavalisha wote mimi, jamaa wa marehemu upande huu na jamaa wa muuaji upande ule. Kwa kawaida watu hawa hawawezi kukaa kimya hata ibada ya mazishi ikiendelea. Siku hiyo ungesikia sindano ikidondoka, na nilikuwa na sindano nyingi, nimesimama kando ya kamera, pini mdomoni, mkanda wa kupimia shingoni.

Tamsin akamwinamia baba. "Akimaliza kusema, unalisukuma. Polepole. Kisha unainuka na kutoka. Sawa?" Baba akatikisa kichwa kwamba sawa. Hakunitazama, wala hakumtazama Maciu.

Kamera ikaanza.

Maciu alitambaa mbele, akaketi, akalinyanyua jino kwa kamba yake. Lilikuwa zito, la rangi ya asali, limelainishwa na mikono ya watu waliokufa. Akaanza maneno aliyoandikiwa, ya karani na baharia na damu iliyomwagika ufukweni. Alisema sentensi mbili. Kisha akakatisha. Aliposema tena, sauti haikuwa ile ya kanisani. Ilikuwa ndogo.

"Momo," akasema, ndivyo tunavyomwita mkwe. "Maneno yale si yangu, nayaacha. Nimekuja kwa ajili ya Vaciseva. Nilimchukua dirishani kwako bila kukuomba. Baba yangu alichelewa siku sita, naye ameshazikwa, usimdai tena. Mimi nimechelewa miaka ishirini na miwili. Sina udhuru. Nilikuwa nakuogopa. Mkeo alizikwa na mimi nikiwa nje ya uzio kama mbwa wa jirani. Mjukuu wako anakujua kwa mgongo tu. Nisamehe, Momo. Kama si kwa ajili yangu, basi kwa ajili ya yule pale mwenye pini mdomoni."

Tamsin, ambaye haelewi Kifiji zaidi ya salamu, alimwinamia Bi Kalesi.

"Anasemaje?"

"Maneno sahihi kabisa," akajibu Bi Kalesi, machozi yanashuka chini ya miwani. "Siwezi kurekebisha hata moja."

Mkono wa baba ukainuka. Niliuona mkono ule ukiinuka kama alivyofundishwa, kiganja mbele, tayari kusukuma, na moyo wangu ukaniambia, umekwisha, Vaci, kusanya nguo zako. Nilitaka kufumba macho nikashindwa. Mkono ulifika nusu ya njia. Ukabaki pale.

Nimeufikiria mkono ule mara nyingi tangu siku hiyo. Baba hajawahi kumkataa mtu usoni. Alikataa akiwa jikoni, nyuma ya mabati, kwa mdomo wa mama. Huko ni rahisi. Lakini hapa palikuwa na mkwewe mbele yake, mvi kichwani, na ile alama ya chaki chini ya goti lake mwenyewe. Akageuza kiganja. Akaleta mkono wa pili.

Akalipokea.

Sauti iliyotoka kwa wale watu arobaini sikuifundisha mimi wala Tamsin. Ile shukrani ndefu ya chini, inayoanzia tumboni, kisha viganja vikagonga vyote kwa pamoja, na mtu fulani upande wa wanawake akapiga ukelele kabisa, mwaka 1924 au si mwaka 1924. Baba alilipeleka jino puani, akalinusa, akaweka paji la uso wake juu yake na hakuinua tena.

"Kata!" Tamsin akasema. Alikuwa na tabasamu la mtu asiyetaka kumvunja moyo mzee. "Nzuri sana, nzuri mno. Lakini anakataa, jamani. Mwambieni kwamba anakataa."

"Mwambieni huyo mama nimeshapokea," baba akasema bila kuinua uso.

"Ndiyo, lakini kwenye kitabu..."

"Aliyeandika kitabu hayupo hapa." Akafuta macho kwa mkono wa shati langu zuri la chai. Kisha akageuka. Akanitafuta upande wa kushoto wa kamera, akanikosa, akanitafuta kulia. "Vaci," akasema.

Nilibaki nimesimama kama kichanja cha nguo.

"Vaci. Toa hizo pini mdomoni, utameza. Tangu utotoni nakwambia. Zitoe, uje ukae hapa."

Nilizitema zote mkononi, mbili zikanichoma, nikapita mbele ya kamera ya watu na taa za watu, nikaenda kukaa mkekani kando ya baba yangu. Alinishika kichwa kwa kiganja chote, kama mtu anayepima nazi kama imekomaa. Maciu alikuwa analia kwa ile sauti yake, na hiyo si sauti ya kulilia ndani ya nyumba.

Bi Kalesi akamweleza Tamsin, mwanzo hadi mwisho, akianza na dirisha. Nilimwona mwanamke yule mrefu akikaa polepole juu ya sanduku la kamera, mkono mdomoni, pua yake nyekundu ikizidi wekundu. "Kwa nini hamkuniambia?" akauliza. Watu arobaini wakatazama mikeka.

Tulikunywa chai. Ilibidi, hakuna aliyekuwa na hali ya kufanya kazi. Lakini kitabu kilikuwa bado ni kitabu, na kijana alikuwa bado hajanyongwa. Tamsin alikuja akachuchumaa mbele ya baba, akikosa pa kuanzia. Safari hii hakuwa na haraka.

"Mzee, sitakuomba ukatae lile ulilopokea. Sitaki. Lakini sijui filamu yangu itaishaje."

Baba akafikiri, akimung'unya biskuti. "Lile la plastiki liko wapi?"

"Lipo."

"Lileteni. Lile nitalikataa mpaka jua lizame."

Wakalileta. Na Maciu, aliyesema ulimi hautakubali, sasa ulimi ulikubali. Alisema maneno yote ya kitabu juu ya ile chupa ya maji, bila kukosea hata neno, kwa kuwa maneno yake mwenyewe yalikuwa yameshafika yalikokuwa yanakwenda. Mara ya kwanza baba alikataa huku anacheka kwa pua. Mara ya tatu akalisukuma kwa nguvu mno, plastiki ikaruka ikamgonga mjumbe wa kanisa, na chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Mara ya saba Tamsin alianza kumweleza afikirie huzuni ya baba aliyepoteza mtoto.

"Hiyo usinifundishe," baba akamkatiza.

Alitazama mkeka. Kisha akaomba waanze. Nilikuwa nimerudi kando ya kamera, na nilimwona akienda mahali fulani ndani yake. Nadhani alirudi jikoni. Alilisukuma lile jino polepole, kwa ncha za vidole, bila hasira, kama mtu anayesogeza sahani aliyoshiba, akainuka kwa shida ya magoti, akatoka bila kutazama nyuma. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitoka nje kupitia mlango mwingine, nikamkuta amesimama kwenye ngazi, ameshika ukuta.

"Ndivyo nilivyokuwa?" akaniuliza.

"Ndivyo, Tata," nikamjibu, kama nilivyomwita baba utotoni.

"Mwambie yule mama inatosha," akasema.

Filamu ilirudi Levuka mwaka uliofuata, Jumamosi mchana, ukumbi wa mji, mapazia ya madirisha yamefungwa kwa pini zangu. Mengi yalikuwa yameshapita. Unaisi alipelekwa kwa babu yake kwa mikeka na vyakula kama inavyotakiwa, na sasa alikuwa anashinda huko kuliko kwangu, wanagombania redio. Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu. Daktari wa Suva, mji mkuu, alikuwa amempa tarehe ya kuyasafisha, naye alikuwa ameikubali kwa mara ya kwanza, jambo lililotutia hofu. Alikaa katikati, mimi kulia, Unaisi kushoto. Mstari wa mbele walikaa wageni waliovuka na kivuko kutoka Suva, wenye mavazi mazuri na leso mkononi, na Tamsin kati yao, safari hii na kofia.

"Sasa nafanya nini?" baba aliniuliza kila dakika.

"Bado hujatokea, Tata."

"Na sasa?"

"Ndiyo unaingia. Umevaa lile koti."

"Bega linaonekana?"

Kumbe alijua. "Halionekani," nikamwambia.

Ikafika sehemu ile. Maciu akatambaa mbele, plastiki ikang'aa kuliko jino lolote la kweli, maneno ya kitabu yakajaa ukumbi. Wageni wa Suva wakainua leso. Mzee kwenye pazia jeupe la filamu akainua mkono, akalisukuma jino, polepole, kwa ncha za vidole. Na Levuka nzima, mistari kumi na miwili ya watu wazima wenye akili zao, ikapasuka kwa kicheko.

"Mwongo!" akapiga kelele mwanamke wa nyuma.

"Setareki, si ulipokea, wewe?" mwingine akamwita baba kwa jina lake.

"Mrudishieni jino lake!"

Wageni waligeuka kututazama kana kwamba tumecheka msibani. Tamsin aligeuka pia. Yeye alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Wanacheka nini?" baba akauliza.

"Wanakucheka wewe, Tata. Unakataa."

"Bado nakataa?"

"Bado."

Akainama mbele, kuelekea mwanga asioweza kuusoma. "Pokea, mjinga wewe!" akamwambia mzee wa kwenye pazia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wageni, na ukumbi ukanguruma upya. Unaisi alijifunika uso kwa kucheka. Lakini baba hakuwa anacheka, hata kwa pua. Alisubiri kelele zipungue, kisha akasema tena, safari hii chini, na nadhani ni mimi tu niliyesikia.

"Pokea. Mtoto wako amesimama nje."

Nilitafuta mkono wake gizani, nikaupata, ulikuwa tayari unautafuta wangu. Kwenye pazia mzee aliinuka kwa shida ya magoti, akatoka bila kutazama nyuma. Huyu wa kwangu alibaki amekaa, ameushika mkono wangu, mpaka mapazia yalipofunguliwa na watu wakaanza kutafuta viatu vyao.